Kutoka Dodoma kwenda pwani kuona nyangumi na ndege wa baharini: twende lini hasa?

MWANA NKUHUNGU
Wakuu, mbukwenyi.

Tunapanga safari ya familia kutoka Dodoma kwenda pwani, watu watano, watoto watatu kati yao na mdogo kabisa ana miaka minane. Lengo ni kuona nyangumi. Ikiwezekana tuone pia ndege wa baharini na wale wa ufukweni wanaokuja kwa msimu. Siku tulizonazo ni tano, kwenda na kurudi, kwa hiyo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Taarifa zinagongana. Mmoja anasema Agosti, mwingine anaapa ni Desemba. Wenyeji wa bahari na wapenzi wa ndege, naomba mniambie: twende lini, tukae wapi, na darubini ya aina gani inafaa? Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kupanda boti ndogo.

Nawasilisha.


KUSI NA KASKAZI
Mkuu, ukiuliza mwezi peke yake utajibiwa nusu. Safari hii ina kalenda tatu zisizosubiriana: ya nyangumi, ya upepo na ya maji kupwa na kujaa. Wengi hufuata ya kwanza tu. Wanafika Julai, nyangumi wapo kweli, lakini boti zimefungwa ufukweni kwa sababu bahari imechafuka.

Tuanze na nyangumi. Anayepita kwetu kwa wingi ni nyangumi wa nundu, mwenye mita 13 hadi 16 na uzito wa tani 30 hivi. Anakula kwenye bahari za barafu huko kusini, halafu anapanda kuja kwenye maji ya joto kupandana na kuzaa. Mtwara huanza kuonekana kati ya Juni na Julai, Unguja Julai, na wengi zaidi ni Agosti na Septemba. Kuanzia Septemba wanageuza kurudi kusini, sasa wakiwa na ndama, na wa mwisho hupita Novemba. Akina mama wenye ndama huenda polepole na hupenda kukaa karibu na pwani, jambo linalomfaa mtazamaji.

Upepo sasa. Kusi huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti. Siku hizo ndipo Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Hata usipotoka baharini, upepo huo unakuharibia kazi: wimbi likianza kuvunja povu jeupe kila mahali, pumzi ya nyangumi huitofautishi na povu. Kusi hupoa Septemba kuelekea Oktoba, kabla kaskazi haijaanza. Kwa hiyo dirisha lenu ni wiki ya mwisho ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Mkiwahi, nyangumi ni wengi ila upepo bado una makali. Mkichelewa, bahari ni shwari ila nyangumi wamepungua. Kwa watoto ambao hawajawahi kupanda boti, chagueni bahari shwari.

Ndani ya dirisha hilo ndipo mwezi wa angani unapoingia. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpya na baada ya mwezi mpevu. Kwenye pwani yetu ya Dar na Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi (alfajiri na jioni) na kukauka karibu saa nne (asubuhi na usiku). Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ni mita 1 hivi.

Kwa nini hili linakuhusu? Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Matemwe, Paje, Jambiani na kwingineko, siku ya bamvua maji hurudi nyuma hadi kwenye mwamba. Boti iliyotoka saa kumi na mbili alfajiri ikirudi saa nne inakuta mchanga. Mtasubiri nje ya mwamba juani hadi mchana, au mtashuka kutembea kwenye matumbawe na wale viumbe weusi wenye miiba. Na watoto! Nungwi na Kendwa, kule ncha ya kaskazini, hakuna tambarare hiyo. Boti hutoka na kurudi saa yoyote, na kisiwa chenyewe kinakinga kusi. Kwa familia yenye siku tano ningeanzia hapo.

Kwa mwaka 2026 mwezi mpya ni Jumamosi tarehe 10 Oktoba, na Jumatano tarehe 14 ni Siku ya Nyerere. Jumamosi hadi Jumatano ni siku zako tano, na likizo ya kuomba kazini ni Jumatatu na Jumanne tu.


SULULU
Mkuu hapo juu kamaliza upande wa nyangumi. Naongezea ndege, maana watu hudhani nyangumi na ndege ni tukio moja.

Kuna kitu kwenye video za nje kinapotosha. Utaona nyangumi amefungua kinywa na ndege elfu wanamzunguka. Hiyo ni bahari ya malisho. Nyangumi wa kwetu hakuja kula, anaishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini. Kwa hiyo huku, ukiona buabua wamejazana mahali wanajitupa majini, chini yake kuna dagaa wanaofukuzwa na jodari. Wavuvi huzifuata alama hizo kila siku. Ni mahali pazuri pa kuona ndege, si pa kumtafutia nyangumi. Nahodha akikukimbiza kwenye kila kundi la ndege akisema nyangumi yuko hapo, anachoma mafuta yako bure.

Ndege wenyewe wako makundi mawili. Wa kwanza ni wa ufukweni, wanaotoka kaskazini mwa dunia. Wakubwa huanza kuwasili Agosti, makinda yao Septemba na Oktoba, na wote huondoka karibu Aprili. Juni na Julai utakuta wachache tu, wale wasiokomaa ambao hawakurudi kuzaa. Humo kuna sululu mwenye mdomo uliopinda chini, viluwiluwi (ndege, si wale watoto wa chura) na chamchanga wa aina nyingi, na yule ambaye watu husafiri nchi kwa nchi kumwona: ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mweusi mnene kama koleo. Huyu hatoki Ulaya. Anazaliana kwenye mchanga wa pwani za Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia, akitaga ndani ya shimo kama panya. Kwetu yupo kwa wingi Agosti hadi Aprili.

Kundi la pili ni wa bahari yenyewe. Buabua mkubwa mwenye kishungi na mdomo wa njano, na ndugu yake mdogo mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, utawaona hata kutoka kwenye boti ya abiria ya Dar kwenda Unguja. Kaeni nje, msijifungie ndani kwenye viyoyozi. Membe, yule mweupe mwenye ncha nyeusi za mbawa anayejirusha majini kama mkuki, ni wa maji ya mbali. Kituo chao ni Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo tambarare karibu kilomita 70 mashariki ya Dar es Salaam, wanakozaliana pamoja na buabua wa bahari kuu. Msishawishike kwenda huko na watoto. Hakuna kivuli wala gati, na binadamu akishuka ndege huacha viota. Yai lililoachwa kwenye mchanga ule saa sita mchana linaiva.

Sasa saa. Ndege wa ufukweni hawajali jua, wanajali maji. Maji yakiwa yamekupwa kabisa wametawanyika kilomita mbili mbele yako, ni vidoti. Maji yakianza kurudi yanawasukuma taratibu kuelekea uliposimama. Saa mbili za mwisho kabla ya kujaa ndizo saa zenyewe. Siku za bamvua zinaangukia saa nane hadi saa kumi jioni, na kwenye pwani ya mashariki jua tayari liko mgongoni mwako, rangi zinaonekana. Siku ya pili ongeza nusu saa hadi dakika 50, na kila siku hivyo hivyo. Kaa chini penye kivuli cha mashua, usiwafuate. Ukiwafuata wataruka hadi mbali na maji yatakuwa yameshafunika kila kitu kabla hawajarudi.

Kwa hiyo tarehe alizotaja mkuu zinanoga: asubuhi boti kutoka Nungwi, alasiri ndege Matemwe.

Darubini: nunua au azima 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inavuta, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganyike na 20x au zaidi zinazouzwa barabarani. Hata 10x kwenye boti inatikisika hadi unaona mawimbi ya macho yako mwenyewe. Na jifunzeni kuitumia kabla ya safari. Nendeni bwawa la Hombolo asubuhi moja, kila mtoto amtafute ndege kwa macho kwanza, amkazie, kisha ainue darubini bila kuyaondoa macho pale. Oktoba hata pale Hombolo chamchanga wahamaji wameshafika. Wasiozoea hufanya kinyume: wanainua darubini kwanza, halafu wanazungusha shingo kutafuta.


MWANA NKUHUNGU
Asanteni sana, mmenifungua macho. Kwa hiyo aliyesema Desemba alidanganya? Yeye anasema kuna watu waliogelea kabisa na nyangumi Mafia.


MDAU WA KILINDONI
Hakudanganya, kachanganya majina. Anayeonekana Kilindoni ni papa potwe. Ni samaki: anapumua kwa mashavu, na mkia wake umesimama wima kama wa papa. Nyangumi mkia wake umelala bapa na hupanda juu kupumua. Watu humwita potwe nyangumi kwa sababu ya ukubwa wake na kwa sababu naye hula vidudu vidogo vya majini. Msimu wake Mafia ni Oktoba hadi Machi, katikati yake Novemba hadi Februari, upande wa magharibi wa kisiwa kwenye maji ya utulivu, na huyo ndiye watu wanaogelea karibu naye bila kumgusa.

Mwenye kutaka ndege na potwe aje Novemba au Desemba, shakwe nao huwa wameongezeka. Ila nyangumi asimtegemee.

Njia ya kuja ni ndege kutoka Dar, au kivuko na boti kutoka Nyamisati. Kwa siku tano kutoka Dodoma, njia ya Nyamisati itawabana.


NAHODHA WA ZAMANI
Mmesahau boti yenyewe, na hapo ndipo pesa na roho za watu hupotelea.

Kabla ya kulipa, nenda ukaione boti jioni ya siku iliyotangulia. Omba kuona jaketi la kuokolea kwa kila mtu, na ya watoto yawe ya watoto: mvalishe, mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda hadi masikioni halimfai, majini litamvuka. Uliza mashine ya akiba. Uliza mafuta. Mashine ya nguvu farasi 40 ikikimbizwa hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Ukiambiwa saa nne baharini na dumu ni moja la lita 20, huyo anapanga kukaa karibu na mwamba na kuwarudisha. Kanuni ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Tokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuanzia saa nne au saa tano upepo wa mchana huongezeka juu ya ule uliopo, na kurudi mkipigwa na wimbi la mbele ndiko kunakotapisha watu. Kaeni kati kwenda nyuma, si mbele kunakorukaruka, wala si pale moshi wa mashine unapopitia. Macho yawe kwenye upeo wa bahari, simu mfukoni. Asubuhi kula kitu kikavu kidogo, mkate au chapati. Tumbo tupu linasumbua sawa na lililojaa. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo maduka ya dawa, humezwa saa nzima au zaidi kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika haitakusaidia. Ya mtoto muulize mfamasia kwa umri na uzito wake.

Mkiwa nje, zimeni mashine kila dakika 15 mkatazame. Gawaneni bahari, kila mtu upande wake. Kinachoonekana kwanza ni pumzi: wingu dogo la mvuke, mita 3 hivi kwenda juu, linakaa sekunde chache na kupotea, kama mtu kapuliza unga. Akipumua mara tatu au nne kisha akainua mgongo juu sana na mkia ukatoka, amezama. Anza kuhesabu. Mkubwa peke yake hukaa dakika 5 hadi 15, na hutokea mbele kwenye uelekeo alikokuwa anakwenda, wakati mwingine nusu kilomita. Mwenye ndama hurudi upesi, kwa sababu ndama hawezi kubana pumzi muda mrefu. Wasiojua hukimbilia pale alipozama, wanabaki wanazunguka kiduara laini cha maji kilichoachwa na mkia.

Msimkaribie chini ya mita 100, na mwenye ndama mkae mita 300. Njoo kwa ubavuni, mwendo wa polepole, usimkatie njia mbele, wala boti isiingie kati ya mama na mtoto. Zikiwepo boti mbili tayari, subiri ya kwanza iondoke. Akianza kupiga mkia majini au kubadilisha njia kila mara, mmemchosha, ondokeni. Nahodha anayeahidi kuwarusha watoto majini karibu naye muachieni boti yake.


MTU WA MIKINDANI
Naona Unguja imeshinda bila kupigiwa kura. Kwa kuona nyangumi peke yake, Mtwara ni bora. Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, maji ya kina kirefu yako karibu kabisa na ufukwe, kwa hiyo nyangumi hapiti mbali. Tena hupita mara mbili, akipanda na akishuka, ndiyo maana kwetu msimu ni mrefu. Mvua zetu nazo ni za msimu mmoja kama zenu Dodoma. Oktoba ni kukavu wakati Unguja na Tanga vuli inaweza kuanza. Ndege wa ufukweni Ghuba ya Mikindani wapo.

Asiyetaka boti anaweza kukaa nchi kavu. Siri ni kupanda juu. Macho yakiwa mita 1.7 kutoka usawa wa maji, upeo wa bahari uko chini ya kilomita 5. Panda mahali pa mita 10 unaona zaidi ya kilomita 11. Kibaraza cha ghorofa ya pili kinashinda ufukwe wowote mzuri.


KUSI NA KASKAZI
Sikatai ubora wa Msimbati, nakataa hesabu ya siku. Dodoma hadi Dar kwa treni ya SGR ni chini ya saa nne, sawa, lakini Dar hadi Mtwara ni kilomita 560 hivi za barabara. Kwa basi wanamaliza siku mbili nzima njiani, kwenda na kurudi. Wakipata ndege ya Dar–Mtwara, nakuunga mkono bila ubishi. Na wasijaribu kukata kupitia Iringa na Songea wakidhani ni njia fupi!


MTU WA MIKINDANI
Hapo tumeelewana. Kwa ndege, au wasubiri likizo ya siku nane.


SULULU
Kwa kumsaidia mleta mada, ratiba iwe hivi: Ijumaa 9 Oktoba treni ya jioni, mlale Dar. Jumamosi boti ya Unguja, watu wazima wawe na vitambulisho, kisha gari hadi Nungwi. Jioni mkaione boti kama alivyosema nahodha. Jumapili na Jumatatu asubuhi zote mbili ziwe za bahari, kwa sababu asubuhi moja ikiharibika kwa upepo mmebaki na nyingine. Mwambieni nahodha tangu mwanzo kwamba angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa likitoka, safari inaahirishwa na malipo hayapotei. Msilipe zote kabla. Jumatatu kuanzia saa tisa alasiri muwe Matemwe kwa ndege, maana siku hiyo maji yanajaa karibu saa kumi na moja. Jumanne mvuke kurudi Dar, Jumatano treni.

Tiketi za treni za kurudi kateni mapema. Jumatano ya sikukuu, na kama Bunge lina kikao wiki hiyo, mabehewa hujaa.

Mkibahatika kupiga picha ya mkia kwa upande wa chini, ule weusi na weupe wake ni kama alama za vidole, kila nyangumi na wake. Ipakieni kwenye tovuti ya Happywhale pamoja na tarehe na mahali. Mfumo huilinganisha na picha za nchi nyingine, na watoto wanaweza kuja kuambiwa nyangumi wao aliwahi kuonekana wapi.


MWANA NKUHUNGU
Hombolo Jumamosi hii tunaanza na darubini ya kuazima. Swali la mwisho kwa nahodha: chumvi kwenye vioo inaondolewaje?


NAHODHA WA ZAMANI
Usifute ikiwa kavu, chembe za chumvi zitachora kioo. Mwagia maji ya kunywa kwanza iyeyuke, ikung'ute, ndipo upanguse kwa kitambaa laini cha pamba. Beba chupa ya nusu lita ya kazi hiyo tu, na uwaambie watoto si ya kunywa, la sivyo hadi saa mbili asubuhi imekwisha.